Fimbo, Mjomba na Katekisimu: Jinsi Kumrudi Mtoto Kulivyobadilika Kilosa na Mikumi

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana mno masikioni: adabu na adhabu. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, na huko yalikotoka hayana undugu wowote. La kwanza ni mwenendo mwema na malezi mazuri. La pili ni mateso. Huku kwetu yamekaa jirani kwa muda mrefu hata yamechanganyika. Mzazi wa Kilosa akitamka "leo nitakutia adabu", hakuna mtoto anayesubiri kufundishwa kusalimia. Anatafuta mlango.

Liko neno la tatu ambalo washarika wanalifahamu kutoka Maandiko, nalo ni kumrudi mtoto, yaani kumwonya na kumrekebisha. La nne ni kiboko. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na jina lake likahamia kwenye mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake, kisha likahamia tena kwenye pigo lenyewe. Leo mtoto wa darasa la kwanza husema amechapwa viboko viwili, na katika maisha yake hajawahi kuona mnyama wala mjeledi wa ngozi. Neno limesafiri, na waliolibeba hawakukumbuka lilikotoka.

Tunaandika haya kwa sababu ya swali tunaloulizwa katika jumuiya za nyumba kwa nyumba, kuanzia mjini Kilosa hadi Kimamba na Mikumi. Wazazi vijana huuliza: "Mchungaji, Biblia inatuambia tumchape mtoto, serikali inatuambia tusimchape. Tumsikie nani?" Mara nyingi mtoto anayezungumziwa ana miaka miwili, mitatu au minne. Amemwaga maziwa, amemng'ata mdogo wake, amegoma kula. Na kabla mchungaji hajajibu, mzee mmoja hujibu kwa niaba yake kwamba kuchapa ndiyo mila yetu na tena ndilo Neno la Mungu. Madai hayo mawili yana historia. Tumeona ni vema washarika waijue kabla ya kuyakubali au kuyakataa.

Tuanze na mila. Wenyeji wa nchi hii ni Wasagara na Wakaguru upande wa Kilosa na milima yake, na Wavidunda upande wa kusini kuelekea Kidodi na Kidatu. Wote, kama majirani zao Waluguru, ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa mjomba. Baba alimpenda mtoto wake, alimlisha na kucheza naye, lakini kesi kubwa ya mtoto haikuwa yake peke yake. Aliyemuumiza mtoto alikuwa ameumiza mtu wa ukoo mwingine, na ukoo huo ungeweza kuja kuuliza. Tunaomba msomaji alitafakari jambo hili: kulikuwa na mtu nje ya nyumba ambaye baba alilazimika kumjibu.

Kumfunza mtoto mdogo kulikuwa kazi ya wanawake na wazee. Bibi na babu walikuwa na utani na wajukuu wao, na utani ule ulikuwa shule. Mtoto mchoyo aliitwa fisi mbele ya watu, wote wakacheka, naye akajifunza. Jioni zilikuwa na hadithi na vitendawili. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Thomas Beidelman, aliyekaa Ukaguru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1961 makala nzima juu ya hadithi ya Fisi na Sungura, akiieleza kuwa ni picha ya mahusiano ndani ya ukoo wa mama. Mafunzo makali yalikuja baadaye, wakati wa jando kwa wavulana na wakati binti alipowekwa mwali. Huko kulikuwa na maumivu na kulikuwa na vitisho, wala hatutaki kuyapamba. Lakini yalimkuta mtu aliyekwisha kuwa na akili ya kuelewa anafanyiwa nini na kwa nini.

Hatusemi kwamba zamani ilikuwa paradiso. Mjomba yule yule aliyekuwa kinga ya mtoto aliweza, wakati wa njaa au deni, kumtoa mpwa wake awe rehani kwa watu wengine. Jambo hilo lilitokea katika jamii nyingi za ukoo wa mama mashariki ya Tanganyika, na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita katika milima hii. Mamlaka ya ukoo ilikuwa na upande wake wa giza. Tunachosema ni kidogo zaidi: anayedai kwamba kumchapa mtoto wa miaka mitatu ndiyo mila ya Wasagara na Wakaguru, anadai jambo ambalo mpangilio wa mila yenyewe hauliungi mkono.

Sasa tuje kwenye kiboko. Mwezi Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara akiwa na karatasi zake, na Mangungo wa Msowero akaweka alama yake chini ya maandishi ambayo hakuweza kuyasoma. Msowero iko katika wilaya yetu. Mwezi Februari mwaka uliofuata mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na utawala wa Kijerumani ukaanza. Pamoja nao ulikuja mjeledi kama chombo cha serikali. Amri ya mwaka 1896 kutoka kwa Chansela wa Ujerumani iliweka kikomo cha mapigo ishirini na tano kwa mara moja, na watu wakaliita pigo hilo hamsa ishirini. Amri hiyo ililenga Waafrika; Wahindi na Waarabu hawakuchapwa, na wanawake pia walisamehewa. Wanahistoria wa makoloni wanakubaliana kwamba kuchapa kulikuwa adhabu ya kila siku bomani na shambani. Mwanamume mzima alilazwa chini mbele ya watoto wake.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikasonga mbele kupitia Kilosa kuelekea Tabora. Mashamba makubwa yakafuata reli, pamba kwanza na mkonge baadaye, hasa upande wa Kimamba na Rudewa. Mkonge unahitaji mikono mingi. Wakati wa Waingereza vibarua waliletwa kutoka mbali, kutoka magharibi na kusini mwa nchi na hata kutoka ng'ambo ya mipaka, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao ndio manamba. Washarika wetu wengi wa leo ni wajukuu wao, na ndiyo maana katika usharika mmoja wa Kilosa utasikia majina ya ukoo kutoka pande zote za nchi.

Hapa ndipo tunapodhani jambo kubwa lilitokea, ingawa halikuandikwa katika kitabu chochote cha boma. Kibarua aliyeishi katika chumba kimoja cha kambi hakuwa na mjomba karibu. Hakuwa na bibi wa kukaa na mtoto wala mtani wa kumcheka. Alikuwa na mke aliyechoka, ukuta mwembamba, na nyapara aliyempigia kelele tangu alfajiri. Mtoto wa kambini akikosea, kesi yake ilianzia na kuishia ndani ya chumba kile. Wasahili wanasema mkono mmoja haulei mwana. Kambi iliwaachia wazazi mkono mmoja, na mkono ule ulishika kile ulichokiona kikishikwa na wakubwa wa siku zile. Hatuwalaumu babu zetu. Tunajaribu kueleza jinsi mjeledi ulivyotoka bomani ukaingia jikoni, ukabadilika kuwa ufito, mwiko, kandambili.

Uhuru haukuuondoa. Waingereza walikuwa na sheria yao ya adhabu ya viboko ya mwaka 1930, na mwaka 1963 Bunge la Tanganyika huru lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, ambayo wazee wanaikumbuka vizuri: viboko kumi na viwili vya kuingia gerezani na kumi na viwili vya kutoka, ukamwonyeshe mkeo. Watu walicheka, lakini walijifunza kwamba hata dola yetu wenyewe hufundisha kwa fimbo. Elimu kwa wote ilipokuja miaka ya 1970, madarasa yalijaa kupita kiasi, na mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi aliona fimbo ndiyo msaidizi wake wa pekee. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Za mwaka 2002 zikapunguza hadi vinne, tena kwa mkono au kwa kibali cha mwalimu mkuu, na kuandikwa kitabuni. Kanuni hizo ni za shule. Hakuna aliyeziandika kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu aliye miguuni pa mama yake.

Na kanisa je? Wamisionari wa Kianglikana walikuwa Mamboya tangu karibu mwaka 1880, Wakatoliki walikuwa na misheni zao, na Walutheri wa Berlin walianza pwani mwaka 1887, wakaenda Kisarawe na Maneromango. Kwa ujumla walipenda nyumba ya baba, mama na watoto, baba akiwa kichwa. Mjomba hawakumwelewa sana, na jando na unyago waliviogopa. Walikuwa na sababu zao, nyingine nzuri. Lakini matokeo yalikuwa kwamba baba Mkristo alipewa mamlaka yote ya nyumba, wakati ule ule ambapo yule wa kumuuliza alikuwa akiondolewa.

Kwetu Walutheri kuna jambo la ziada. Baba wa nyumba ndiye Martin Luther aliyemwandikia Katekisimu Ndogo mwaka 1529, ili aifundishe jamaa yake. Kwa hiyo ni haki tuulize Luther mwenyewe alilelewaje. Alisimulia mezani kwake, na wageni wakaandika, kwamba mama yake alimchapa hadi damu ikatoka kwa sababu ya njugu moja tu. Baba yake alimpiga siku moja hata akamkimbia, na ikamchukua baba yule muda kurudisha moyo wa mwanawe. Shuleni Mansfeld alichapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja kwa kosa la sarufi ambayo hakuwa amefundishwa. Luther hakusema wazazi wake walikuwa wabaya. Alisema walimtakia mema. Lakini aliongeza kwamba hawakujua kupima adhabu kulingana na tabia ya mtoto, na kwamba karibu na fimbo lazima liwepo tunda.

Wengi wetu tunaishia hapo, kwenye fimbo na tunda. Ni vizuri kufungua pia Katekisimu Kubwa, ya mwaka ule ule, mahali anapofafanua Amri ya Pili. Pale Luther anashauri watoto wazoezwe kumcha Mungu kwa njia ya kitoto, kwa mchezo na furaha, na anaonya kwamba kinachoingizwa kwa mapigo tu hakitazaa kitu chema. Mtoto wa namna hiyo hubaki mwema kwa muda ule tu fimbo iko shingoni mwake. Maneno haya yamo katika kitabu cha maungamo ya kanisa letu. Mchungaji wa Kilutheri anaapa kuyafuata siku ya kubarikiwa kwake. Hata hivyo wapo washarika wengi wa umri wetu waliokariri katekisimu hiyo hiyo katika darasa la kipaimara, chini ya mti, huku ufito ukiwa juu ya meza ya mwalimu, na aliyesahau maana ya Amri ya Pili alichapwa kwa ajili yake. Hatujui kama tucheke au tulie.

Andiko linalotajwa zaidi katika jumuiya ni Mithali 13:24, lile linalosema kwamba mzazi anayeizuia fimbo anamchukia mwanawe. Hatuna ruhusa ya kulifuta. Lakini neno la Kiebrania lililoandikwa pale, shevet, ndilo lile lile la Zaburi 23, ambako fimbo ya mchungaji inamfariji kondoo. Ni vigumu kufarijiwa na kitu kinachokupiga. Fimbo ya mchungaji huzuia, huhesabu, huelekeza, hufukuza fisi. Wamaasai na Wabarabaig wanaochunga huku Kilosa wanaweza kutufundisha hilo kuliko vitabu: mchungaji anayempiga ndama mchanga kwa fimbo ile ile ya kumfukuzia fisi hatakuwa na kundi kesho. Tunakubali kwamba Mithali 23 inazungumza wazi juu ya kupiga, na hatutajifanya hatukuiona. Kitabu cha Mithali kiliandikwa katika ulimwengu ambamo mwana mpotovu aliweza kuishia kuuawa. Kinamwita mzazi achukue hatua mapema badala ya kumwachia mtoto njia ya kifo. Swali letu ni hatua gani, na kwa mtoto wa umri gani. Paulo, akiwaandikia Waefeso 6:4, anawageukia akina baba, ambao sheria za Rumi ziliwapa mamlaka makubwa mno juu ya watoto, na jambo la kwanza analowaambia ni kuwazuia wasiwachokoze watoto hadi hasira. Ndipo anapotaja malezi. Biblia yetu ya Kiswahili imetumia pale neno adabu. Haikutumia adhabu.

Tukirudi Mikumi, tunaona kwamba mambo hayaamuliwi na vitabu peke yake. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake na katikati ya mji. Malori hayalali. Tembo huingia mashambani. Mama anayeuza nyanya kando ya lami akiwa na mtoto wa miaka miwili na nusu hana nafasi ya kufikiri kwa muda mrefu mtoto anapokimbilia barabarani. Humnyakua na kumchapa kofi, kisha hutetemeka mwenyewe. Mama yule tunamwelewa. Kofi lake ni woga. Tunachomwambia, naye hukubali, ni kwamba kilichomwokoa mtoto ni ule mkono uliomnyakua. Kofi lilikuja baada ya hatari kupita, na mtoto wa umri ule hajui kama amepigwa kwa ajili ya lori au kwa ajili ya mama kukasirika. Wanawake wa jumuiya moja ya huko walikaa chini wakapanga zamu: siku za mnada mmoja wao anabaki na watoto wote uani, wenzake wanamchangia sehemu ya mauzo. Hawakusoma hilo popote. Bila kujua, walimrudisha bibi ambaye kambi ya mkonge ilimwondoa.

Wako wanaochapa kwa sababu nyingine. Mkwe anaangalia, naye atasema mtoto anadekezwa. Majirani wanasikia kilio na wanahesabu. Methali ya mchelea mwana kulia hulia mwenyewe inatupwa usoni kwa mama wa miaka kumi na tisa. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na ni kweli. Lakini kukunja samaki mbichi kunahitaji mkono mwororo, ukitumia nguvu anavunjika. Baba aliyekosa kibarua wiki nzima anarudi nyumbani akiwa na mtu mmoja tu duniani aliye chini yake.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea nchini. Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, na kifungu chake cha 13 kinasema marekebisho yoyote yasiyolingana na umri na hali ya mwili na akili ya mtoto hayana uhalali, wala hayana uhalali kama mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi lake. Sheria haikukataza kabisa kumchapa mtoto nyumbani, tofauti na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliyompa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Lakini msomaji akisoma kifungu chetu polepole ataona kimemtoa mtoto mchanga nje ya mjadala. Jambo la pili ni utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliotangazwa mwaka 2011: karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18, mara nyingi na ndugu au mwalimu. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa shuleni. Nchi nzima ililia, na baada ya wiki chache ufito ukarudi juu ya meza.

Kwa hiyo tunapoulizwa tumsikie nani, Biblia au serikali, tunajibu kwamba kuhusu mtoto wa miaka mitatu hatuoni ugomvi kati yao. Kumwacha mtoto mdogo afanye apendavyo hakuna anayekushauri, wala serikali wala Mungu. Kumzuia, kumwondoa mahali, kumnyima kitu, kumwambia hapana na kubaki kwenye hapana hiyo hata akilia mpaka sauti ikauke, hayo yote ni kumrudi, na ni kazi ngumu kuliko kuchapa. Kuchapa kunamaliza kelele kwa dakika tano. Wazee wengine wa kanisa hawajakubaliana nasi katika hili, nasi tunaendelea kuzungumza nao.

Mwezi Juni 1530, wakati viongozi wa matengenezo walipokuwa Augsburg wakiandaa ungamo lililosomwa tarehe 25 ya mwezi huo, Luther alikuwa amefungiwa katika ngome ya Coburg kwa usalama wake. Kutoka kule alimwandikia barua mwanawe Hans, aliyekuwa na miaka minne. Alitaka mtoto asome na kusali. Hakumtishia. Alimweleza juu ya bustani nzuri yenye matufaha, mapeasi na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu, ambamo watoto wanaopenda kusali na kujifunza huruhusiwa kuingia, na kwamba rafiki zake wawili wangeweza kuja naye. Kisha akaongeza kwamba Hans anaye pia Lene, shangazi wa mama yake, aliyekuwa akikaa nao pale nyumbani, na mwenye bustani akasema sawa, aje naye.